Shemeji amepanga visiwa vitano kwa siku tisa, mimi nataka kupumzika

Mpendwa Shangazi,

Assalamu alaikum. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina umri wa miaka 34, na huu ni mwaka wa saba tangu nihamie Hamburg, ambako nafanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Nina mume na watoto wawili, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka mitatu. Zamu za usiku zimeniharibia usingizi kiasi kwamba hata siku nisiyokwenda kazini naamka saa tisa za usiku na kukaa jikoni peke yangu nikisubiri kupambazuke.

Mwaka huu mama yangu mzazi anakuja kututembelea kwa mara ya kwanza. Viza yake ameipata ubalozi wa Ujerumani. Atafika katikati ya Julai na atakaa nasi karibu miezi mitatu. Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa miaka miwili ili sote twende kisiwa kidogo cha Ugiriki, tukae pwani siku tisa, tule, tulale na tusifanye jambo lolote la maana. Nimeona picha za kisiwa kiitwacho Halki, kilicho karibu na Rhodes, chenye nyumba za rangi zilizoizunguka bandari ndogo, na moyo wangu umetulia hapo.

Tatizo ni mdogo wa mume wangu, anayeishi Cologne, ambaye ataungana nasi na amejitolea kutupangia safari. Ratiba aliyotutumia ina Santorini, Mykonos, Paros, Rhodes na Symi, na juu yake siku moja ya kuvuka kwa boti kwenda Marmaris, Uturuki. Anasema mtu aliyekwisha kulipa nauli ya kufika Ugiriki hupata hasara akikaa mahali pamoja. Mume wangu anakubaliana nami tukiwa wawili, lakini mdogo wake akipiga simu hunyamaza, kwa sababu hataki kumvunja moyo kijana aliyejitahidi.

Mama ana matatizo ya magoti na anatumia dawa za sukari. Ni mtu wa swala na buibui, na ananiuliza atakula nini huko na atakaaje mbele ya watu wasiovaa nguo. Juu ya hayo, nilipomweleza mpango wetu alicheka kwenye simu akaniambia, “Mwanangu, mnalipa fedha zote hizo kwenda kuiona bahari, na bahari mmeiacha hapa Raskazone?” Alisema kwa utani, lakini tangu siku ile najiona mbadhirifu.

Je, nimwachie shemeji ratiba yake ili amani idumu, au nishikilie kisiwa kimoja? Na kama ni kisiwa kimoja, Halki inatufaa pamoja na mama?

Wako,
Mchovu wa Hamburg


JIBU

Wa alaikum salaam, binti yangu.

Shikilia kisiwa kimoja. Nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa maana utazihitaji utakapozungumza na wenzako, lakini nisingependa usome hadi mwisho wa jibu hili ukiwa bado unajiuliza niko upande gani.

Kwanza tuikague ratiba ya shemeji yako kama fundi anavyokagua nguo, kwa kuigeuza upande wa ndani. Visiwa vitano maana yake ni kuhama mara nne, mbali na siku ya kufika na siku ya kuondoka. Kuhama kisiwa na watoto wawili na mama mwenye magoti mabovu ni kufunga mabegi usiku, kukabidhi chumba asubuhi, kukaa gatini mahali ambapo mara nyingi kivuli ni kidogo, kuingia chomboni katika msukumano wa abiria na magari, kisha kufika upande wa pili na kusubiri hadi chumba kipya kiwe tayari. Kila mara utakuwa umepoteza nusu siku, na pengine siku nzima, kwa kuwa Santorini na Rhodes hazikukaribiana hata kidogo. Ukiziondoa siku hizo katika tisa zenu, zinazobaki ni chache mno, nazo zitakuwa za kutembezwa. Santorini yenyewe ni kisiwa ambacho mji wake mkuu, Fira, umekaa juu ya jabali, na kutoka Fira kushuka hadi bandari ya zamani kuna ngazi zaidi ya 500. Symi nayo ni nzuri kweli, lakini mji wake wa juu na wa chini umeunganishwa na ngazi ndefu ambazo hata mimi nilipokuwa na umri wako nilizipanda kwa kupumzika. Mama yako atabaki hotelini akiwalindia mabegi, na hatalalamika, jambo ambalo ndilo litakalokuumiza.

Siku ya Marmaris ina hatari nyingine ambayo nadhani shemeji hakuifikiria, na hii usiifanyie mzaha. Viza ya mama yako ni ya Schengen, yaani ya eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti kati yao, na ingawa imetolewa na Ujerumani, inamruhusu kwenda Ugiriki bila kuomba nyingine, mradi haikuwekewa mpaka wa nchi fulani tu. Fungueni pasipoti msome mstari unaotaja nchi zinazohusika. Kwenda Ugiriki kutoka Hamburg si kutoka katika eneo la Schengen. Kuvuka kwenda Uturuki ni kutoka. Ikiwa viza yake ni ya kuingia mara moja, akishapita ukaguzi wa kutoka Rhodes asubuhi, jioni hana ruhusa ya kurudi, na ninyi mtakuwa mmesimama upande mmoja wa forodha na mama upande wa pili. Uturuki ina masharti yake ya viza pia. Futeni siku hiyo kabisa, wala msiipe nafasi ya kujadiliwa. Hesabuni vilevile zile siku 90, ambazo ndizo kikomo cha kukaa kwa viza ya aina hiyo, tangu siku anapoingia, na mtembee na pasipoti zenu, pamoja na vibali vyenu vya ukaazi, hata kama hakuna atakayewauliza. Bima ya safari aliyotakiwa kuwa nayo kwa ajili ya viza inahusu nchi zote za Schengen, kwa hiyo karatasi yake msiiache Hamburg.

Sasa Halki. Umechagua vizuri kuliko unavyojua. Ni kisiwa cha kilomita za mraba zisizofika 30, chenye kijiji kimoja tu kinachokaliwa, Emporio, na watu wake ni mamia machache. Zamani walikuwa wengi, wakiishi kwa kuzamia sponji, hadi biashara hiyo ilipofifia na wengi wao wakahamia Tarpon Springs huko Florida, Marekani, kuendelea na kazi ileile. Fedha walizotuma nyumbani zilisaidia kuijenga barabara ya kisiwa, ambayo mpaka leo ina jina la mji huo wa ng’ambo. Naleta habari hii kwa sababu wewe ni mtu uliyehama na unatuma fedha kwenu, na nadhani utaitazama barabara ile kwa jicho tofauti na la mtalii mwingine.

Kwa mama yako, jambo kubwa ni kwamba ukingo wa bandari ni tambarare na magari ni machache mno. Tafuteni nyumba ya kupanga iliyo kwenye usawa wa maji, na mwandikieni mwenye nyumba kabla ya kulipa, mkimuuliza kuna ngazi ngapi kutoka gatini hadi mlangoni, na ngapi ndani ya nyumba, maana nyumba nyingi za kule ni za ghorofa na vyumba vya kulala huwa juu. Usiridhike na jibu la “chache.” Omba idadi. Baadhi ya nyumba zilizo ukingoni zina sehemu ya saruji na ngazi ya chuma inayoshuka moja kwa moja baharini, na ukipata mojawapo umepata dawa ya nusu ya wasiwasi wako, kwa kuwa mama anaweza kukaa mlangoni pa nyumba yake, na kanga yake, akatia miguu majini alfajiri kabla hajapita mtu.

Pwani ya karibu inaitwa Pondamos. Ni ndogo, maji yake ni ya kina kifupi kwa mwendo mrefu, jambo linalowafaa watoto wako, na kuna mgahawa hapohapo. Mtu mzima huifikia kwa miguu kwa dakika kama kumi, akipanda kidogo na kushuka. Kwa mama itakuwa nusu saa, au mtafute usafiri. Ftenagia, upande mwingine, ni ya kokoto. Usitarajie mchanga mweupe wa kwetu. Nunua kila mmoja viatu vya mpira vya kuingilia majini, kwa kuwa kokoto hupata moto mchana, na kwenye miamba kuna wale viumbe weusi wenye miba ambao mtoto wa Tanga hahitaji kuelezwa. Kisiwa ni kikavu na miti ni michache, hivyo mwavuli wa jua si anasa.

Kuhusu nguo, niseme wazi: mtaona watu walioota jua wakiwa na kidogo sana mwilini. Hilo lipo, na mama aambiwe mapema, asikutane nalo ghafla. Lakini hakuna atakayemzuia kuingia baharini na mavazi yake, na pwani nchini Ugiriki ni mali ya umma kisheria, hata pale mfanyabiashara alipopanga viti vyake. Mwaka 2023 wakazi wa Paros waliandamana na mataulo yao kudai haki hiyohiyo. Bwawa la hoteli ni jambo jingine, kwani kila hoteli ina kanuni zake, na ni sababu mojawapo ya mimi kupendelea nyumba kuliko hoteli. Nendeni pwani saa mbili au saa tatu asubuhi, mkae mwisho wa ufuko, mrudi nyumbani jua linapokuwa kali. Mchana Wagiriki wenyewe hulala, na kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu kelele haziruhusiwi wakati wa kiangazi. Nchi ambayo usingizi wa mchana unalindwa na sheria ndiyo nchi ya muuguzi wa zamu za usiku.

Chakula kisiwatie hofu. Nyama ya halali msiitafute Halki, lakini mama wa Tanga atakosaje cha kula penye samaki, ngisi na pweza? Pweza huchomwa juu ya makaa kama kwetu. Kuna pia vyakula vya mboga vilivyopikwa kwa mafuta ya zeituni, vinavyoitwa ladera, ambavyo Waorthodoksi hula katika siku zao za mfungo, na kisiwa hicho kina tambi zake maarufu za vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vya kahawia, zikinyunyiziwa jibini. La kuangalia ni divai, kwa kuwa pweza wa mchuzi mara nyingi hupikwa nayo. Jifunzeni maneno mawili: horis krasi, yaani bila divai, na horis hirino, yaani bila nguruwe. Na kwa kuwa mtakuwa na jiko, tieni begini makopo mawili ya tui na viungo vya mama. Ongezeni na kopo la msalani, kwani mabomba ya visiwa vile ni membamba, karatasi haitupwi chooni bali kwenye ndoo iliyo pembeni, na wasiojua huziba choo cha watu siku ya kwanza.

Wakati wa kwenda ndio ambao ningependa muuangalie kwa makini kuliko bei. Julai na Agosti huvuma meltemi, upepo mkavu wa kaskazini unaokuja mbingu zikiwa safi kabisa, ukiwadanganya wasiojua kwamba bahari ni shwari. Ni joto kali pia, na Julai 2023 moto wa msituni ulisababisha watu wapatao 19,000 kuhamishwa katika kisiwa cha Rhodes. Katikati ya Agosti, kwa ajili ya sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe 15, Ugiriki nzima iko safarini. Mei ni tulivu, lakini maji yake ni ya nyuzi 20 hivi, na mtu aliyezoea maji ya Tanga atatoka akitetemeka. Nendeni Septemba, baada ya wiki ya kwanza, wakati bahari imehifadhi joto la kiangazi na bado ina nyuzi kama 25, upepo umepungua na wageni wengi wamerudi makwao. Watoto wako hawajaanza shule. Mkubwa wako ana miaka mitano, kwa hiyo uhuru huu wa kusafiri Septemba unaelekea ukingoni, utumieni.

Njia ya kufika ni rahisi kuliko inavyoonekana kwenye ramani. Wakati wa msimu kuna ndege za moja kwa moja kutoka Ujerumani hadi Rhodes. Uwanja wa ndege uko pwani ya magharibi, na bandari ndogo ya Kamiros Skala, zinakotoka boti za Halki, iko pwani hiyohiyo kusini zaidi, kwa hiyo hamna haja ya kuingia mjini kwanza kama saa za boti zinalingana na za ndege. Kutoka hapo safari ya majini ni ya zaidi kidogo ya saa moja.

Kosa ambalo watu hulifanya ni kuondoka kisiwani asubuhi na kutegemea kupanda ndege jioni ileile. Upepo unapofikia nguvu ya 8 katika kipimo cha Beaufort meli huzuiwa bandarini, na boti ndogo husimamishwa kabla ya hapo. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinawapa haki ya kurudishiwa nauli ya boti au kusafirishwa baadaye, lakini hali ya hewa ikiwa ndiyo sababu hakuna anayelazimika kuwalipia malazi, na ndege mliyoikosa kwa tiketi ya peke yake ni hasara yenu. Mimi na marehemu mume wangu tuliwahi kuikosa hivyo, na nakumbuka zaidi ukimya wetu gatini kuliko fedha zilizopotea. Basi laleni Halki usiku sita au saba, na usiku wa mwisho mlale Rhodes mjini.

Usiku huo wa Rhodes utakuwa zawadi ya mama. Ndani ya mji wa kale, nyuma ya kuta za mashujaa wa vita vya msalaba, kuna msikiti wa Ibrahim Pasha unaoswaliwa hadi leo, na kuna maktaba ya Hafiz Ahmed Agha, iliyoanzishwa mwaka 1793, yenye misahafu na miswada ya zamani. Waislamu wa visiwa hivyo walibaki kwa sababu ya ajali ya historia: Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu mwaka 1923, Rhodes na jirani zake zilikuwa mikononi mwa Italia tangu 1912, nazo hazikuingia Ugiriki hadi 1947. Vichochoro vya mji huo wa kale vimesakafiwa kwa kokoto zilizosimamishwa, mbaya kwa magoti, kwa hiyo mtembee kidogo na mkae sana.

Dawa za sukari mama abebe za kutosha safari nzima na siku kadhaa za ziada, katika mkoba wa mkononi, kwa kuwa Halki ina huduma ndogo ya afya na hospitali kubwa iko Rhodes. Bebeni pia fedha taslimu, zikiwemo za tozo ya serikali inayolipwa kwa kila chumba kwa kila usiku, ambayo mara nyingi hudaiwa mkifika, nje ya bei mliyokwisha kulipa.

Ama shemeji, usimjibu wewe. Mume wako ndiye azungumze na mdogo wake, na asizungumze kwa kusema “mke wangu hataki,” maneno ambayo yatakaa katika familia yenu muda mrefu kuliko likizo yenyewe. Amweleze magoti ya mama mkwe na suala la viza, ambayo ni kweli tupu, kisha amshukuru na ampe kazi inayolingana na kipaji chake: afuatilie ratiba za boti, atafute nyumba, na siku mbili aende Symi peke yake kwa boti na kukutana nanyi Rhodes usiku wa mwisho. Kijana mwenye miguu mizima hana sababu ya kukaa Pondamos siku saba. Naye ana haki ya likizo yake.

Kuhusu Raskazone, mama yako amesema kweli, na jibu unalo. Ukienda Tanga wewe si mgeni wa bahari. Una shangazi wa kumjulia hali, msiba wa kuhani, harusi ya kuchangia na foleni ya watu barazani, na jua linatua hujakanyaga maji. Kwenda kwenu ni wajibu na ni furaha, lakini si usingizi. Tena mwambie mama kwamba bahari ya Halki haina bamvua. Raskazone wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na anayetaka kuoga husubiri yajae. Kule Halki maji hukaa palepale, asubuhi na jioni, kana kwamba yamesahau kuondoka. Natamani uniandikie atasema nini akiyaona.

Jambo la mwisho ni la kazini. Mkirudi Hamburg, hakikisha zamu yako ya kwanza iko angalau siku mbili baadaye, na isiwe ya usiku. Liombe hilo sasa, kabla hujanunua tiketi.

Shangazi